Dawa Zimebaki Mahabusu: Wanawake Watokao Jela na VVU, kutoka Mbinga hadi Mwambao wa Nyasa

Msamaha wa Rais kwa wafungwa hutolewa kwa desturi tarehe 26 Aprili, siku ya Muungano, au 9 Desemba, siku ya Uhuru. Kuna miaka idadi huwa kubwa: Desemba 2019 walisamehewa wafungwa 5,533 kwa mkupuo mmoja. Orodha ya majina haisomwi redioni, lakini kijijini hakuna anayeihitaji redio. Mama fulani alifungwa, sasa amerudi, na kabla hajamaliza kufagia ua wake maneno yameshafika kisimani. Akiwa amenenepa, basi anameza dawa. Akiwa amekonda, basi ameletwa afie kwao.

Maneno hayo yasingekuwa na uzito kama yangebaki kisimani. Yanaingia pia kwenye vikao vya kijiji, kwenye jumuiya na kwenye kamati, na huko yanageuka mapendekezo. Kutoka vilima vya Umatengo, wilayani Mbinga, hadi kwenye mchanga wa Ziwa Nyasa, swali la nini afanyiwe mwanamke aliyetoka gerezani kuhusu VVU hujibiwa kwa namna zinazogongana. Wako wanaotaka apimwe kwa lazima kabla geti halijafunguliwa. Wako wanaosema apewe elimu, yatosha. Wengine wanaona aende kliniki kama mgonjwa mwingine yeyote. Wengine wanataka awe na mpango wake, pamoja na mtaji na mtu wa kumfuatilia. Kila upande umeshika kipande cha ukweli. Linalopotea katikati ya mabishano ni kwamba, kwa mwanamke, kipindi cha hatari kubwa zaidi huanza akishatoka nje ya ukuta, na hudumu wiki chache tu.

Wachache, tena wametawanyika

Wanawake ni sehemu ndogo sana ya wafungwa wa Tanzania, na uchache huo ndio chanzo cha kusahauliwa kwao. Gereza la wanawake linalofahamika ni lile la Kingolwira, Morogoro. Kwingine kote wanawake hukaa katika upande uliotengwa ndani ya magereza yaliyojengwa kwa ajili ya wanaume. Mkoa wa Ruvuma, zilimo Mbinga na Nyasa, una magereza Songea, Tunduru na Mbinga, pamoja na Kitai, ambalo ni gereza la kilimo. Mwanamke aliyehukumiwa Mbinga anaweza kumalizia kifungo Songea, au mbali zaidi ikiwa kifungo ni kirefu. Kwa hiyo mahakama iliyomfunga, kituo alichoanzia dawa na kijiji anachorudi vinaweza kuwa katika wilaya tatu tofauti.

Wakubwa wa vituo hivyo nao ni tofauti. Zahanati ya gereza iko chini ya Jeshi la Magereza, yaani Wizara ya Mambo ya Ndani. Zahanati ya kijijini kwake iko chini ya halmashauri. Miongozo ya tiba inaandikwa na Wizara ya Afya. Hakuna ubaya katika mgawanyo huo mpaka siku mgonjwa anapohama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na siku hiyo ni ile ya kuachiwa.

Ongeza hapo hali ya kanda yenyewe. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya VVU wa 2022-23 ulionyesha kwamba asilimia 4.4 ya Watanzania wenye miaka 15 na kuendelea wanaishi na virusi: wanawake asilimia 5.6, wanaume asilimia 3.0. Ruvuma imepakana na Njombe, mkoa ulioongoza nchini kwa asilimia 12.7. Ng'ambo ya ziwa iko Malawi, ambako utafiti wa 2020-21 ulikuta asilimia 8.9 ya watu wazima. Katikati hapo hakuna ukuta, kuna njia. Malori ya makaa ya mawe yanatoka mgodi wa Ngaka yakipita Kitai. Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66, sasa ni lami tupu. Meli ya MV Mbeya II inapita mwambao tangu 2021. Fedha ya kahawa huja kwa msimu, fedha ya dagaa huja kwa usiku mmoja, na zote mbili huja mikononi mwa wanaume zaidi.

Je, jela ndiyo inayoambukiza?

Dhana iliyoenea ni kwamba mwanamke alipata virusi gerezani. Kwa wanaume hoja hiyo ina msingi, kwa sababu magerezani kuna ngono isiyo na kinga, na kondomu hazigawiwi kwa kuwa sheria inakiona kitendo chenyewe kuwa kosa. Kwa wanawake njia ni nyembamba zaidi. Wanalala wanawake peke yao, chini ya askari wa kike, na maambukizi ya mwanamke kwa mwanamke kwa njia ya ngono ni nadra mno. Yanabaki mambo ya wembe mmoja kutumiwa na wengi, na ya mama kumwambukiza mtoto anayemnyonyesha endapo hayuko kwenye dawa. Yanabaki pia mambo ambayo si ya kupuuza hata kidogo: mwanamke kulazimishwa na mwenye mamlaka juu yake, tangu siku ya kukamatwa. Hayo ni makosa ya jinai na yanapaswa kufikishwa mahakamani.

Lakini mara nyingi umaskini uliompeleka jela ndio huohuo uliompeleka kwenye virusi. Mama anayepika gongo usiku ili apate ada ya mtoto anavunja sheria, na papo hapo anahudumia wanaume walevi nyumbani kwake usiku. Msichana anayekamatwa kwa uzembe na uzururaji karibu na maegesho ya malori hakwenda pale kwa matembezi. Wanawake wa namna hii wanaingia gerezani wakiwa tayari na VVU, na baadhi yao hupimwa huko kwa mara ya kwanza maishani. Kwa hao, gereza lilitoa majibu tu. Virusi walikuja navyo.

Yafuatayo huwashangaza wengi. Mwanamke aliyemeza dawa zake kila siku ndani, kwa mwaka mzima, huenda anatoka akiwa salama kuliko jirani yake ambaye hajawahi kupima. Mtu ambaye wingi wa virusi vyake umeshuka hadi kipimo hakivioni hamwambukizi mwenziwe kwa ngono. Hilo limethibitishwa, na Shirika la Afya Duniani linalikubali. Basi kijiji kinapomwogopa mwanamke huyu siku ya kwanza kinakosea hesabu. Sababu ya kuogopa inakuja baadaye, dawa zikikatika.

Milango mitatu ya kutokea

Mjadala wa hadharani huzungumzia kuachiwa kama kwamba ni tukio la aina moja. Ni milango mitatu, na kila mmoja una shida yake.

Mlango wa kwanza ni kumaliza kifungo. Mfungwa mwenye nidhamu hupunguziwa theluthi moja, hivyo aliyepewa miaka mitatu hutoka baada ya miwili. Tarehe yake inajulikana tangu siku anapoingia. Hapa hakuna udhuru: zahanati ya gereza ina muda wa kutosha wa kuandika barua ya uhamisho, kuandaa dawa na kupiga simu huko aendako.

Mlango wa pili ni msamaha. Siku inakisiwa, ila jina la atakayeguswa halijulikani mpaka dakika za mwisho, na watu hutoka wengi kwa pamoja. Mlango huu una kasoro nyingine isiyosemwa sana. Matangazo ya misamaha yamekuwa yakitaja, pamoja na wazee na wanawake walioingia na mimba au na watoto wachanga, wagonjwa walio katika hatua za mwisho za UKIMWI, kifua kikuu au saratani. Huruma hiyo ni ya kweli, ila inamwanika mtu. Kijiji kinajua alifungwa miaka mingapi. Akirudi kabla ya muda na hana mtoto mgongoni wala mvi kichwani, watu wanapiga hesabu wenyewe.

Mlango wa tatu ndio mbaya kuliko yote, nao ndio usiotajwa kabisa: mahakama. Sehemu kubwa ya walio magerezani ni mahabusu ambao kesi zao hazijaisha. Mwanamke anatolewa asubuhi kwenda kusikiliza kesi. Saa nane mchana hakimu anamwachia, au ndugu wanakamilisha masharti ya dhamana. Yuko huru palepale. Harudi gerezani, na nani angetaka kurudi? Vidonge vyake viko kwenye selo. Kadi yake ya kliniki iko zahanati ya gereza. Anapanda gari kwenda kwao akiwa na nguo aliyovaa.

Linalotokea baada ya hapo lilipimwa vizuri huko Texas, Marekani, ambako watafiti waliwafuatilia wafungwa zaidi ya 2,000 wenye VVU walioachiwa kati ya 2004 na 2007. Matokeo yalichapishwa 2009. Ndani ya siku kumi, muda ambao dawa walizotoka nazo zilikuwa zinaisha, ni kama asilimia tano tu waliokuwa wamechukua dawa nyingine. Baada ya siku 60 walifika asilimia 30. Hao ni watu wa nchi yenye maduka ya dawa kila kona, na waliotoka walikuwa na programu ya kuwalipia. Mwanamke wa Lundu au Chiwanda hana hivyo.

Dawa zikikatika, virusi hurudi juu ndani ya wiki chache. Kifua kikuu, ambacho msongamano wa gerezani hukipalilia, hupata nafasi. Kama ananyonyesha, mtoto naye yumo hatarini. Na ule usalama aliotoka nao gerezani unakwisha bila yeye kuhisi dalili yoyote.

Tarakimu kumi na nne

Tazama kadi yenyewe ya kliniki. Kila anayeandikishwa kwenye kituo cha tiba na matunzo, kile ambacho kila mtu hukiita CTC, hupewa namba yenye tarakimu 14. Za mwanzo zinataja mkoa, zinazofuata wilaya, kisha kituo, mwisho ni namba ya mgonjwa mwenyewe. Akihama, namba huhama naye. Ni mpango mzuri, kwa kuwa historia yake haipotei. Lakini aliyeandikishwa katika zahanati ya gereza anabeba alama ya kituo hicho maisha yake yote. Mtu wa kawaida hataisoma. Karani wa kliniki ndogo ya kijijini anaisoma kwa mtazamo mmoja, na huyo karani huenda ni binamu wa wifi yake.

Tazama na kopo la dawa. Vidonge vya miezi mitatu ndani ya kopo la plastiki vinapiga kelele kama kayamba. Wanawake wengi huvihamishia kwenye mfuko wa nailoni au huvikunjia katika kipande cha khanga, na kopo lenye maandishi hulitupa njiani. Anayerudi kwenye nyumba ya shemeji, analala chumba kimoja na watoto, hana droo ya kufunga kwa ufunguo. Mahali pa kuweka vidonge visionekane ni swali zito kwake kuliko swali lolote atakaloulizwa kwenye semina.

Kinachomsubiri nyumbani

Umatengoni ardhi hushikwa kwa ukoo, kwa mafungu ya mgongo wa mlima yaliyo kati ya kijito na kijito, ambayo wenyeji huyaita ntambo. Urithi hupita kwa wanaume. Katika kilimo cha ngoro, mwanamume hufyeka na kupanga nyasi, mwanamke huchimba mashimo na kufukia, na shamba huendelea kuitwa la mwanamume. Mwanamke akiondoka miaka miwili, mikahawa haimsubiri. Mume ameshaleta mwingine, au mashemeji wameshagawana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya ardhi kwa sababu ya jinsia yake, lakini kuidai kunataka nauli, mashahidi na moyo, na huyu ametoka kushindwa na mahakama moja.

Basi anashuka ziwani. Mbamba Bay, Liuli na Lituhi kuna kazi isiyouliza cheti: kununua dagaa alfajiri, kuanika, kuuza. Dagaa wa Nyasa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na boti zikitia nanga wanawake ni wengi kuliko ndoo za samaki. Asiye na mtaji anasubiri huruma ya mvuvi. Kusini mwa ziwa hilohilo, upande wa Malawi, utafiti uliochapishwa 2012 ulieleza wazi jinsi wafanyabiashara wanawake wanavyolala na wavuvi ili wapate samaki kwa bei ya kuwawezesha kushindana sokoni. Wakenya wa Ziwa Victoria wana jina lao la jambo hilo, jaboya. Mwambao wetu hauna kinga ya pekee dhidi ya njaa.

Kuna na sheria inayomfuata. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya 2008 inamtaka anayejua ana VVU amjulishe mwenzi wake, na inaweka kifungo cha miaka mitano hadi kumi kwa anayeambukiza kwa makusudi. Nia yake inaeleweka. Lakini kwa mwanamke ambaye tayari ana rekodi, mume mwenye hasira anaweza kuigeuza tishio. Anayeogopa kurudi ndani kwa neno la mume anaona heri asijulikane anameza dawa.

Hoja ya elimu

Wanaosimama upande huu wanasema gerezani ndipo mahali pa kufundishia: watu wapo, muda upo. Ni kweli. Tatizo ni kinachofundishwa na anayefundisha. Mwanamke aliyeishi miaka mitatu na virusi hahitaji kuambiwa kwamba UKIMWI upo na unaua. Anahitaji kujua kituo kipi kati ya Mbinga na Mbamba Bay kinatoa dawa siku gani, afanye nini akipoteza kadi, kondomu ya kike inapatikana wapi, na nini cha kumwambia mume. Na askari aliyevaa sare, hata akiwa na moyo mwema, si wa kuulizwa maswali ya chumbani.

Mfano bora wa upande huu ulitokea New York. Mwaka 1988 wafungwa wanawake wa gereza la Bedford Hills walianzisha wenyewe mpango wa ushauri na elimu ya UKIMWI, wakiuita ACE. Walihudumia wagonjwa wao na kufundishana. Mmoja wa waanzilishi, Katrina Haslip, alitoka 1990 na akasaidia kuunda tawi la nje kwa ajili ya wanaoachiwa. Hakuishia hapo. Wakati huo tafsiri rasmi ya UKIMWI nchini Marekani iliorodhesha magonjwa yaliyoonekana zaidi kwa wanaume, na wanawake walikufa bila kuhesabiwa wala kupata stahili zao. Haslip alikuwa miongoni mwa walioibishia. Alifariki Desemba 1992. Januari 1993 tafsiri mpya ilianza kutumika, na saratani ya mlango wa kizazi ikawa ndani yake.

Ninaikumbuka habari hii kila ninaposikia wanawake hawa wakizungumziwa kama tatizo. Leo tunajua kwamba mwanamke mwenye VVU ana uwezekano mara sita zaidi wa kupata saratani hiyo, na mwongozo wetu unataka apimwe mlango wa kizazi mara kwa mara. Yule aliyeliona mapema alikuwa ametoka jela. Elimu iliyofanya kazi kule ilitoka kwa wafungwa wenyewe, na ilifuatana nao nje. Iliyofungiwa ndani ya ukuta hubaki ndani ya ukuta.

Hoja ya kupima kwa lazima

Hii huvutia kwa sababu inaonekana ya haraka: pima wote wanaotoka, jua nani yukoje. Sheria ya 2008 inaifunga. Kupima kunataka ridhaa, isipokuwa kwa amri ya mahakama na katika mazingira machache yaliyotajwa, na majibu ni siri ya mpimwaji. Ukiiweka sheria kando bado haisimami. Kipimo cha siku ya kutoka hakimkingi aliye salama na kitakachotokea wiki ijayo. Na aliyekutwa na virusi anatoka na habari mpya, mbaya, asubuhi ileile anayotakiwa kufikiria nauli na watoto.

Kilicho na maana ndani ya hoja hii ni kwamba kupima kupatikane, mapema na kwa hiari, na kurudiwe. Marekebisho ya 2019 yameruhusu mtu kujipima mwenyewe, na yameshusha umri wa kuridhia kupima kutoka miaka 18 hadi 15. Kifaa cha kujipima kinaweza kutoka naye mfukoni. Wengi hudhani huduma hizi ni za wenye virusi tu. Asiye navyo ana haki ya kinga vilevile: kondomu, dawa ya dharura ndani ya saa 72 akibakwa, na dawa kinga ya PrEP. Majaribio ya sindano ya lenacapavir, inayochomwa mara mbili kwa mwaka, yaliyofanyika Afrika Kusini na Uganda, yalitoa matokeo 2024: kati ya wasichana na wanawake 2,134 waliopewa, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Kwa mwanamke asiye na mahali pa kuficha kopo, sindano kama hiyo ingebadilisha mambo mengi itakapofika.

Hoja ya kliniki ya kawaida

Hii ndiyo yenye nguvu kuliko zinavyodhani pande nyingine. Tangu 2016 Tanzania inampa dawa kila anayekutwa na VVU bila kusubiri augue. Mgonjwa aliyetulia anaweza kupewa za miezi mitatu hadi sita kwa mara moja. Hospitali za Litembo na Liuli zilizojengwa na kanisa, pamoja na vituo vya serikali, vinawajua watu wao. Anayeingia kwenye foleni hiyo hana kibandiko cha jela. Gharama ya ziada ni karibu na sifuri.

Udhaifu wake ni kwamba inamngoja afike. Mlango wa kliniki uko wazi, lakini yeye yuko kwenye kibarua cha kuchuma kahawa, analipwa kwa debe, na siku ya kliniki ni siku bila chakula. Akifika bila barua ya uhamisho, mapokezi yake yatategemea aliyemkuta mezani. Mmoja atampa dawa za siku chache huku akipiga simu gerezani. Mwingine atamwambia arudi na karatasi, na huyo hatarudi.

Hoja ya mpango wa peke yao

Wanaoitetea wanataja mwanamke mwenzake wa kumfuatilia, kikundi, na mtaji. Kenya inatoa mfano: Teresa Njoroge, aliyefungwa Lang'ata akiwa na mtoto wake mchanga, alitoka na kuanzisha Clean Start, asasi inayowasaidia wanawake kurudi kwenye maisha. Njia hii ndiyo inayogusa chanzo. Mwenye mtaji wa ndoo mbili za dagaa ana uwezo wa kumwambia mvuvi hapana.

Mabaya yake ni mawili. Kikundi cha "wanawake waliotoka jela wenye VVU" katika kijiji cha nyumba mia mbili ni bango. Pili ni fedha. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na shughuli nyingi zilizokuwa zikilipiwa kupitia PEPFAR, mpango wake wa UKIMWI, zikatikisika. Miongoni mwa waliotangulia kuondoka ni watu wa kufuatilia wagonjwa majumbani. Mpango uliojengwa juu ya fungu la mfadhili unaweza kumwacha mwanamke huyu akiwa ameachwa mara ya pili. Na jirani asiyefungwa, maskini kama yeye, anauliza kwa haki kwa nini hapewi.

Mizani inapolalia

Ukizipima zote kwa swali moja, je, mwanamke huyu atakuwa na dawa au kinga siku ya 30 baada ya kutoka, kupima kwa lazima kunaanguka kwanza. Elimu ya darasani peke yake inafuata. Zinabaki kliniki ya kawaida na mtu wa kumfuatilia, na hizi hazina sababu ya kugombana. Kliniki ibaki ileile ya watu wote, isimwekee foleni yake. Kinachoongezwa ni kile kipande kinachokosekana kati ya geti na kliniki: dawa za miezi mitatu mkononi, barua, simu kutoka kwa muuguzi kwenda kwa muuguzi, na mwanamke mmoja, mshauri kutoka miongoni mwa WAVIU, yaani watu wanaoishi na VVU, wa kumpokea. Huyo mshauri si lazima ajulikane kijijini kama mtu wa VVU. Anaweza kuwa mwenzake wa kuanika dagaa. Mtaji upitie vikundi vya kawaida vya wanawake, kwenye asilimia nne ya mapato ya halmashauri iliyotengwa kwa ajili yao, ili aingie kama mwanamke wa kijiji.

Njia hii ina gharama yake. Mtu wa kufuatilia ni mtu mmoja zaidi anayejua siri. Mwanamke anayekataa kufuatiliwa lazima aruhusiwe kukataa, na wengine watakatisha dawa kwa sababu hiyo. Naona ni heri kupoteza hao wachache kuliko kuwafanya wote waogope. Atakayeona vinginevyo ana hoja ya kusikilizwa.

Kuhusu fedha, idadi yenyewe inapunguza ugumu. Wanawake wanaorudi Mbinga na Nyasa kutoka gerezani kwa mwaka si umati. Halmashauri tatu, ya Wilaya ya Mbinga, ya Mji wa Mbinga na ya Nyasa, zina kamati zao za kudhibiti UKIMWI na zina ushuru wa kahawa, samaki na makaa ya mawe. Nauli, muda wa maongezi na posho ya washauri wachache haihitaji kusubiri Washington.

Mlango wa mahakama hauhitaji hata fedha. Mahabusu haruhusiwi kubeba vitu vyake kwenda kizimbani, na hilo lina sababu za usalama. Askari anayemsindikiza anaruhusiwa. Bahasha moja iliyofungwa, isiyo na maandishi nje, ikiwa na vidonge vya mwezi mmoja na nakala ya kadi, inakaa kwenye mkoba wa askari. Kesi ikiahirishwa, bahasha inarudi zahanati bila kufunguliwa na hakuna kilichopotea. Akiachiwa, anakabidhiwa pale pale nje ya mahakama, kabla ya basi la Mbinga kuondoka.